Simu za intaneti si za bure, ingawa zinaweza kuokoa fedha

Upo ujumbe unaozunguka miaka nenda miaka rudi katika makundi ya gumzo ya wafanyabiashara, unaodai kwamba simu za intaneti, yaani zile zinazopigwa kwa programu kama WhatsApp, ni bure na kwamba mwenye duka anayenunua vocha anatupa fedha. Dai hilo linapotosha.

Simu ya intaneti hukatakata sauti kuwa pakiti ndogo za data, na data hulipiwa. Kwa mfumo mkongwe wa kusafirisha sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde kila upande, ambao hufika takriban 80 kila pakiti ikishabandikwa anwani yake, mazungumzo ya dakika 10 hula karibu megabaiti 12 kwa pande zote mbili, ingawa programu nyingi za leo huibana sauti zikatumia pungufu ya hapo. Fungua mipangilio ya simu yako, tazama matumizi ya data ya programu husika, zungumza dakika 10, tazama tena, kisha linganisha na bei ya kifurushi cha dakika.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu salio la vocha halipungui, ilhali bando linapungua kimyakimya. Anayepiga simu nje ya nchi, kama kuagiza vitambaa Guangzhou, China, huokoa fedha nyingi kweli. Lakini mteja wa mtaani asiye na bando hupatikana tu kwa simu ya kawaida, au kwa huduma inayounganisha simu ya intaneti na namba ya kawaida, ambayo kwa kawaida hutoza kwa dakika.

Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Aliyeuamini huacha kununua dakika, na bando likikata katikati ya oda, mteja huhamia duka la jirani.