Breki ya mbele haikupindui: tunayoyaamini kuhusu pikipiki kubwa za safari

Wengi wetu Afrika Mashariki tulijifunza kuendesha kwenye pikipiki za cc 125 au 150, na tuliyoambiwa kijiweni tumeyabeba mpaka kwenye mashine kubwa. Baadhi yanafaa kwa pikipiki ndogo. Mengine hayafai hata huko, ila chombo chepesi kinasamehe.

Pikipiki za kukimbia zilizoundwa kwa safari ndefu hazisamehe hivyo. Chukua Yamaha FJR1300, iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 2001. Ina injini ya silinda nne yenye cc 1298 na tangi la lita 25, na toleo la 2013 lina uzito wa kilo 289 likiwa na mafuta. Pakia abiria na masanduku mawili ya pembeni, na pamoja na wewe mwenyewe unapita kilo 450. Hapo imani potofu huanza kugharimu matairi, injini na mifupa.

"Usiguse breki ya mbele, itakupindua"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Wapo watu wenye miaka mingi barabarani ambao vidole vyao havijui mkono wa breki ya mbele uko wapi.

Unapofunga breki, uzito unasukumwa mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kushika zaidi, la nyuma linapungukiwa uzito na kushika kidogo. Kwenye lami kavu, ukifunga kwa nguvu, breki ya mbele inafanya asilimia 70 au zaidi ya kazi ya kusimamisha. Anayetegemea ya nyuma peke yake anatumia sehemu ndogo ya uwezo alionao, na gurudumu la nyuma likijifunga anaanza kuteleza upande.

Kinachoangusha watu ni kuikwapua. Ukibana ghafla kabla uzito haujahamia mbele, tairi linajifunga na usukani unakutoka. Bana kwanza kwa wepesi, subiri nusu ya pumzi shokapu za mbele zizame, kisha ongeza nguvu kadiri unavyotaka. Kupinduka kwa mbele ni jambo linalowezekana kwa pikipiki fupi na nyepesi. FJR ina milimita 1,545 kati ya ekseli na ekseli, na uzito wake uko chini, kwa hiyo kwenye lami tambarare kuinua gurudumu lake la nyuma ni kazi ngumu. Tena matoleo ya kuanzia 2006 yana ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ambao BMW iliuweka kwenye pikipiki kwa mara ya kwanza katika K100 mwaka 1988. Tafuta uwanja mtupu wa lami, ufanye mazoezi ya kusimama kutoka mwendo wa 40, kisha 60. Vidole vinajifunza haraka.

"Kona unaikata kwa kulaza mwili"

Mwili unasaidia, lakini kinacholaza pikipiki ni usukani. Ukiwa kwenye mwendo, ukitaka kwenda kulia, sukuma mbele mpini wa kulia. Gurudumu linageuka kidogo kushoto, pikipiki inalala kulia, na unakwenda kulia. Kila anayeendesha hufanya hivyo hata kama hajui. Tatizo ni kutojua: siku lori linapokuingilia barabarani, asiyejua hugeuza usukani kuelekea anakotaka kukimbilia, na pikipiki inalala upande alioukimbia.

Keith Code, mwalimu wa shule ya uendeshaji huko California, alitengeneza pikipiki yenye usukani wa pili uliofungwa kwenye fremu usiogeuka, wenye mpini wa mafuta juu yake. Wanafunzi walioushika waliambiwa wakate kona kwa mwili tu. Pikipiki iliyumbayumba na kusogea kidogo, lakini kona ya maana hawakuipata. Kwenye mwendo wa kutembea kwa miguu hali ni tofauti: hapo unageuza usukani moja kwa moja, kama baiskeli polepole sokoni.

"Punguza upepo, tairi lishike barabara"

Ushauri huu umetoka kwenye viwanja vya mashindano, ambako tairi ni laini, mashine ni nyepesi na safari ni ya dakika chache. FJR inataka psi 39 mbele na 42 nyuma. Ukishusha hadi 30 kwa kuwa "inakuwa laini", tairi linajikunjakunja, linachemka, linalika pembeni na usukani unakuwa mzito. Wakati wa mvua ni mbaya zaidi: ni upepo wa kutosha unaofungua mifereji ya tairi ipate kuyatoa maji.

Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Likishatembea, kipimo kinapanda, na hilo ni sawa. Usitoe upepo kwa sababu umeona namba kubwa kwenye kituo cha mafuta cha katikati ya safari. Na kabla ya kununua tairi la mtumba, hata likiwa na mifereji mirefu, angalia tarakimu nne za mwisho kwenye namba zilizoandikwa ubavuni baada ya herufi DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu bila kulika.

"Pikipiki ya shafti haihitaji matunzo"

Shafti ni mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma badala ya mnyororo. Ni kweli umeepukana na kulainisha na kukaza mnyororo. Lakini kule nyuma kuna difu, yaani gia zinazohamisha nguvu kutoka shafti hadi gurudumu, na difu ina oili yake. Ya FJR ni lita 0.2 tu, kiasi kidogo kinachosahaulika kwa urahisi. Na kila gurudumu la nyuma linapotolewa kubadilisha tairi, yale meno yanayounganisha gurudumu na difu yafutwe na kupakwa grisi yenye molibdenamu. Mafundi wengi wa matairi hawafanyi hivyo wasipoombwa. Simama pale, omba.

"Tapeti zisizopiga kelele ni nzima"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu injini nzuri huharibika taratibu huku mwenyewe akiisifia ukimya wake.

Tapeti ni pale valvu, yaani kifuniko cha kuingizia hewa au kutolea moshi, inapokutana na kinachoisukuma, na kati yao kunatakiwa kuwe na nafasi ndogo sana, sehemu ya milimita. Nafasi hiyo ikiwa kubwa unasikia tik-tik-tik, na kila mtu anakimbilia kwa fundi. Lakini katika injini nyingi za sasa za aina hii, kadiri kilomita zinavyoongezeka nafasi hupungua, hasa kwenye valvu za kutolea moshi, kwa kuwa valvu inajichimbia kidogo kidogo kwenye kikalio chake. Nafasi inapokwisha, valvu haifungi sawasawa. Valvu hupoza joto lake kwa kugusa kikalio. Isipokigusa vizuri inaungua ukingo, mgandamizo unapotea, na sasa unazungumzia kufungua kichwa cha injini. Muda wote huo injini ilikuwa kimya kabisa.

Kwa hiyo sikio halitoshi. Nafasi inapimwa kwa fila, bapa jembamba la kupimia, injini ikiwa baridi kabisa, iwe imelala usiku mzima. FJR inataka kipimo hicho kila kilomita 40,000 hivi, muda mrefu ambao unawafanya wengi waamini haipo kabisa kwenye ratiba. Marekebisho ni ya kubadilisha vishimu, visahani vidogo vya unene tofauti, kwa hiyo kemushafti, mihimili inayosukuma valvu, zinatolewa. Fundi anayekuambia atakaza kwa bisibisi na spana, kama kwenye pikipiki ya cc 125, hajawahi kufungua injini hii.

"Oili ni oili"

Katika FJR na nyingi za Kijapani, oili moja inalainisha injini, gia na klachi, maana pleti za klachi zinaogelea humo. Oili nyingi nyepesi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ikianza kuteleza utaona mlio wa injini unapanda na mwendo haupandi. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. MB imekusudiwa mashine ambazo klachi yake haikai kwenye oili ya injini, kama skuta nyingi. Tofauti ipo kwa BMW za zamani za silinda mbili, kama R1150RT, zenye klachi kavu. Fuata kitabu cha mashine yako, si cha jirani.

"Kaza springi iwe ngumu, utabeba mzigo"

Kile kinobu cha kukaza springi ya nyuma, kilichopo kwenye pikipiki nyingi za aina hii, hakibadilishi ugumu wa springi. Kinabadilisha kimo: kinainua sehemu ya nyuma. Hiyo ndiyo faida yake unapobeba abiria na masanduku, kwa sababu nyuma ikikaa chini sana mbele kunakuwa kwepesi, usukani unachelewa na taa zinawapiga wenzako machoni. Ukitaka springi ngumu zaidi, unanunua springi ngumu zaidi. Na ukikaza mpaka mwisho ukiwa peke yako, shokapu inakosa nafasi ya kushuka ndani ya mashimo na gurudumu linarukaruka.

"Ekzosi ya kelele huokoa maisha"

Mlio wa ekzosi unaelekea nyuma, na hatari inatoka mbele. Utafiti wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 hivi za pikipiki eneo la Los Angeles, ulikuta kuwa katika ajali zilizohusisha gari jingine, theluthi mbili zilitokea kwa sababu mwenye gari aliingilia haki ya njia ya mwenye pikipiki, na hatari nyingi zilikuwa mbele yake. Utafiti huohuo ulikuta kuwa helmeti haikuzuia kusikia sauti muhimu za barabarani wala kufinya upeo wa macho, kinyume na wanavyodai wanaoivaa kiwikoni. Fedha ya ekzosi, kwa maoni yangu, iende kwenye matairi mapya.

"Usukani ukitikisika, funga kifaa cha kuukaza"

Kifaa hicho kinaficha ugonjwa. Ukiona pikipiki inayumba kwenye mwendo mkubwa, anza na sanduku la juu, lile la nyuma ya abiria. Liko juu na nyuma ya ekseli, mahali pabaya kabisa kwa uzito, na ndiyo maana lina kibandiko cha kilo na mara nyingi cha mwendo wa mwisho. Hamishia vizito kwenye masanduku ya pembeni, chini na karibu na kiti, pande zote sawa. Kisha upepo wa matairi. Kisha tairi lenyewe: lililolika bapa katikati kwa safari za barabara kuu linayumbisha hata mashine mpya. Mwisho beringi za usukani: simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, inua mbele, zungusha usukani taratibu. Ukihisi unanasa pale katikati, beringi zimekwisha.

Na kutikisika kukianza ukiwa barabarani, usifunge breki kwa nguvu wala usiubane usukani. Legeza mikono, inama kidogo mbele juu ya tangi, achia mafuta polepole, uache mwendo ushuke wenyewe mpaka utulie, ndipo usogee pembeni.