Mantra na Kirtan: Utulivu Huu Unatoka Wapi?

Kurudiarudia mantra, yaani neno au mstari mtakatifu uleule, kunatulizaje mwili?

Siri kubwa iko kwenye pumzi. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa kuwa mtu hutamka huku akitoa pumzi, mstari unaokaririwa polepole huirefusha pumzi hiyo bila yeye kuhesabu chochote. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, hupunguza mapigo ya moyo.

Mwaka 2001, Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha vipimo vya watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kukariri mantra ya Kibuddha "om mani padme hum". Kwa sala na kwa mantra, upumuaji ulishuka hadi mara 6 hivi kwa dakika, na mwili ukarekebisha shinikizo la damu kwa wepesi zaidi. Dini tofauti, pumzi ileile!

Ni lazima niamini?

Ili mwili utulie, si lazima. Daktari Herbert Benson wa Harvard alifundisha kwamba hata neno "moja" linafaa. Ila nadhani mwenye imani hachoki upesi.

Kuimba hadharani je, si kelele tu?

Kirtan ni uimbaji wa sifa wa Kihindu: kiongozi hutoa mstari, kundi huitikia. Wafuasi wa Chaitanya, mtakatifu wa Kihindu, waliuimba mitaani huko Bengal, mashariki mwa Bara Hindi, karne ya 16. Mwaka 1966 Prabhupada, mwanzilishi wa vuguvugu la Hare Krishna, aliuongoza katika bustani ya Tompkins Square, New York. Kiongozi anapoimba, wewe unavuta pumzi. Zamu yako ikifika, unaitoa yote. Mwenye haya hujificha ndani ya sauti za wenzake.

Lakini kirtan huanza taratibu, kisha ngoma na matoazi hukaza mwendo, na moyo nao hukimbia. Utulivu wake huja baadaye, ngoma ikishanyamaza.

Nianzeje?

Keti, legeza taya, tamka kwa sauti ya chini dakika 10. Mawazo yatatoroka, rudi kwenye neno bila kujigombeza. Ukihisi kizunguzungu, acha, upumue kawaida.

Naweza kuacha dawa za presha?

Hapana. Endelea nazo, umweleze daktari unachofanya. Na kama kukaa kimya huamsha kumbukumbu za kutisha, au huwa unasikia sauti zisizokuwepo, zungumza kwanza na mtaalamu wa afya ya akili.