Foleni ya Ngamiani huanzia kwenye mchoro wa nyumba

Ukipita Ngamiani, jijini Tanga, mchana utakuta kirikuu kimesimama katikati ya njia kinashusha mabati, bajaji tatu nyuma yake zinapiga honi, na mwenye baiskeli ameshuka anaikokota kando ya mtaro. Wengi husema barabara ni nyembamba. Lakini mitaa ile ya barabara za namba ilipimwa kwa mistari iliyonyooka tangu zamani, na upana wake haujapungua. Kilichobadilika ni kilichojengwa pembeni. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba sita na uani imevunjwa, pakasimama jengo la ghorofa nne lenye fremu za maduka chini. Kiwanja ni kilekile, ila wakazi, wateja na mizigo vimeongezeka mara kadhaa.

Kwa hiyo uamuzi mzito kuhusu maegesho haufanywi na askari wa usalama barabarani, wala na anayekusanya ushuru. Hufanywa mezani, siku mchoro wa jengo unapopitishwa. Jengo likishasimama, maji yameshamwagika: kilichobaki ni kupanga upya barabara ileile kwa watu wengi zaidi. Makala haya yanaeleza hesabu zinazotumika katika maamuzi hayo, makosa yanayojirudia, na hatua ambazo mwananchi wa Tanga anaweza kuziwahi kabla zege halijamwagwa.

Mita tatu zinazogombewa

Chukua mfano wa mtaa wenye upana wa mita 12, kutoka mpaka wa kiwanja hadi mpaka wa kiwanja cha upande wa pili. Toa mita 1.5 kila upande kwa ajili ya waenda kwa miguu, mtaro ukiwa umefunikwa chini ya njia yao. Zimebaki mita 9. Toa mita 3 kwa magari yanayokwenda na mita 3 kwa yanayorudi. Zimebaki mita 3, na ugomvi wote wa mtaa huo umo ndani ya mita hizo.

Zinatosha mstari mmoja wa magari yaliyoegeshwa sambamba na barabara, maana gari dogo linahitaji upana wa mita 2.2 hadi 2.5 na urefu wa mita 6 ili liweze kuingia na kutoka. Au zinatosha njia ya baiskeli ya mita 1.5 kila upande. Vyote viwili havitoshei. Anayeahidi vyote kwenye mkutano wa hadhara hajashika utepe wa kupimia. Katika mji ambao baiskeli hubeba wafanyakazi, wanafunzi, mikate na madumu ya maji, mita hizo zisigawiwe kwa magari kwa mazoea tu kwa sababu wenye magari ndio wanaosikika.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuufanya mtaa uwe wa njia moja. Ukiondoa mkondo mmoja wa magari unapata mita 6 badala ya 3: maegesho mita 2.5 upande mmoja, baiskeli mita 1.5 kila upande, na nusu mita ya kuachanisha baiskeli na milango ya magari inayofunguliwa ghafla. Ngamiani inafaa kwa mpango huu kwa sababu mitaa yake iko sambamba na karibukaribu, hivyo mtaa wa jirani unaweza kubeba uelekeo wa pili. Kasoro yake nayo inajulikana. Dereva asiyetarajia gari mbele yake hukanyaga mafuta, kwa hiyo lazima pawekwe matuta kwenye vivuko, hasa karibu na shule, misikiti na masoko. Mji ukibadilisha mtaa mmoja peke yake bila mwenzake, magari yatazunguka mbali zaidi na foleni itahamia barabara nyingine.

Sasa hesabu nafasi zenyewe. Kwenye kipande cha mita 100, acha mita 10 kila mwisho bila gari ili anayekata kona aone anayevuka. Zimebaki mita 80, yaani magari 13. Tenga mita 12 za kushushia mizigo. Yamebaki magari 11. Hayo ndiyo matunda ya mstari mzima. Nafasi moja kati ya hizo, ukiiwekea vyuma vya kufungia baiskeli vilivyoachana kwa mita moja, inahifadhi baiskeli 10 hadi 12. Mwenye duka anayelalamika kwamba amenyang'anywa nafasi ya gari moja aonyeshwe hesabu hiyo kabla ya jambo lingine lolote.

Mizigo nayo haisubiri. Eneo la kushushia likikosekana, Fuso halirudi lilikotoka. Litasimama katikati ya njia na kuziba barabara kwa nusu saa. Ndiyo maana, katika mtaa wa maduka ya jumla, nafasi ya mizigo hupangwa kwanza na ya magari madogo baadaye.

Gari linapokula nyumba

Watu wengi hudhani dawa ni kumlazimisha kila mjenzi aweke egesho moja kwa kila nyumba ndani ya jengo. Tazama gharama yake. Gari lililosimama linachukua mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Lakini haliingii hapo kwa kuruka. Linahitaji uchochoro wa mita 6 wa kugeukia. Ukijumlisha, kila gari linakula takriban mita za mraba 25. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 kina mita za mraba 300. Jengo lenye nyumba sita za kupanga likidaiwa maegesho sita, mita za mraba 150 zimekwenda, nusu ya kiwanja. Mjenzi atapunguza nyumba, au atachimba chini kwa gharama kubwa, na kwa vyovyote mpangaji atalipia, hata kama anakwenda kazini kwa baiskeli.

Miji kadhaa duniani imeshaliona hilo. London iliacha mwaka 2004 kudai idadi ya chini ya maegesho kwenye majengo mapya, ikaweka ukomo wa juu badala yake. Buffalo huko Marekani iliondoa sharti hilo mwaka 2017, na Jiji la Mexico likafanya hivyo mwaka huohuo. Hata hivyo, kuondoa sharti bila kusimamia barabara ni kumwachia mwenye jengo faida na kuutwisha mtaa mzigo. Barabara iwe na nafasi zilizochorwa, muda uliowekwa ukomo na msimamizi anayefika kweli. Sharti la ndani ya kiwanja lilegezwe baada ya hapo.

Kuna mambo machache ambayo jengo lenye fremu chini lisisamehewe hata kidogo. Mahali pa kushushia mizigo au mpango ulioandikwa wa kuishusha. Mahali pa baiskeli na pikipiki ndani ya kiwanja. Geti la kuingizia magari lisilofungukia njia ya miguu. Na mteremko wa kuingilia uanze ndani ya mpaka wa kiwanja.

Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linaloharibu zaidi. Mjenzi huinua sakafu ya duka, kisha humwaga zege kutoka kizingitini hadi kwenye lami, juu ya mtaro. Chini yake huweka bomba jembamba. Mvua ya kwanza huleta mchanga, mifuko na vifuu. Bomba linaziba, na hakuna wa kulifungua kwa sababu limezikwa. Masika, kati ya Machi na Mei, maji hukosa pa kupita, yakaingia nyumba ya jirani aliyejenga chini kidogo. Kivuko sahihi ni mfuniko wa zege wenye nondo, uliokatwa vipande vinavyoweza kuinuliwa kwa mikono, na mtaro chini yake ubaki na upana na kina chake kilekile bila bomba. Ukikagua mchoro wa jengo la mtaani kwako, anza na sehemu hiyo.

Kosa la pili la kawaida: mchoro ulioidhinishwa unaonyesha maegesho sita chini ya jengo, na mwaka mmoja baadaye pale pana fremu sita zenye milango ya chuma. Hayo ni mabadiliko ya matumizi, na yanahitaji idhini kama jengo jipya. Kibali cha ujenzi si ruhusa ya kugeuza sakafu upendavyo.

Hesabu kabla ya kusema

Mabishano ya maegesho huendeshwa kwa kelele kwa sababu namba hazipo, ilhali mtaa unaweza kuzipata wenyewe kwa daftari na vijana wanne. Chagueni siku mbili: moja ya kawaida, moja ya mwisho wa mwezi. Epukeni sikukuu, likizo za shule na mwezi wa Ramadhani, maana shughuli hubadilika saa zake. Gaweni mtaa vipande vya mita 100. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, kila nusu saa, kila mmoja apite kipande chake na kuandika herufi tatu za mwisho za namba ya kila gari lililosimama na mahali liliposimama. Pikipiki, bajaji, guta na baiskeli ziandikwe kwa idadi. Yaliyosimama kwenye kona au juu ya njia ya miguu yaandikwe kando.

Daftari hilo litajibu maswali mawili. La kwanza, nafasi zimejaa kiasi gani? Donald Shoup, aliyefundisha mipango miji Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alishauri nafasi zijae hadi asilimia 85 tu, yaani katika kila nafasi saba ibaki moja wazi. Zikijaa zote, madereva huzunguka wakitafuta, na mzunguko huo ni sehemu ya foleni. La pili, kila gari linakaa muda gani? Nafasi inayokaliwa na gari moja kutwa nzima imehudumia mteja mmoja. Ikikaliwa saa moja moja, imehudumia kumi. Mara nyingi herufi zinazojirudia tangu asubuhi hadi jioni ni za wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao, wala si za wateja. Hapo dawa ni kuweka ukomo wa muda mbele ya maduka na kuwatengea wanaokaa kutwa eneo la mbali kidogo, jambo lisilohitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Barabara ni ya nani

Malalamiko mengi hupotea kwa kupelekwa ofisi isiyohusika. Barabara kuu na za mkoa, kama ya Segera na ya Horohoro, zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Leseni na njia za daladala, bajaji na bodaboda ni za LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Mpango wa matumizi ya ardhi na kibali cha ujenzi ni vya Halmashauri ya Jiji. Suala la kijiwe cha bodaboda kwenye kona ya soko linaweza kuhitaji ofisi tatu kati ya hizo, kwa hiyo barua ipelekwe moja na nakala mbili.

Wanaojenga kando ya barabara kuu wakumbuke kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo asili ya alama za X: nyekundu kwa aliyeingilia hifadhi, ambaye hana fidia, na ya kijani kwa yule aliyefuatwa na hifadhi ilipopanuka. Fremu au ukuta wa kuegeshea magari ndani ya mita hizo ni hasara inayongoja siku yake.

Pa kuwahi

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kuendeleza ardhi ya mjini bila idhini ya mamlaka ya mipango. Mwenye kiwanja cha makazi akitaka kukifanya cha biashara au makazi na biashara, ombi lake hutangazwa ili majirani waseme, hupita kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipango miji, kisha huenda wizara ya ardhi. Kibao cha tangazo kikisimikwa kwenye kiwanja cha jirani, kisome siku hiyohiyo na uandike tarehe, maana muda wa pingamizi una mwisho. Ushuru wa maegesho wa halmashauri nao hautozwi bila sheria ndogo: halmashauri hutangaza kusudio, hupokea maoni, madiwani hupitisha, waziri huridhia, ndipo itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Anayelalamika siku ya kwanza ya kutozwa amechelewa hatua zote hizo.

Fedha za mitaro, matuta na rangi za barabarani huombwa kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Hoja ya mtaa ifike kwa mtendaji na kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla ya Desemba, ili iingie kwenye rasimu. Mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani hufanyika kila robo mwaka, na wananchi wanaruhusiwa kuketi na kusikiliza.

Barua ya pingamizi isizidi kurasa mbili. Taja namba ya kiwanja na kitalu, chora mtaa kwa vipimo ulivyopima mwenyewe, ambatisha jedwali la hesabu za magari, na useme unachotaka kibadilike kwenye mchoro: mteremko urudi ndani, fremu moja iwe ya kushushia mizigo, mtaro usizibwe. Barua inayosema tu "hatutaki ghorofa" huwa rahisi kukataliwa, kwa sababu haimwachii afisa mipango miji kitu cha kurekebisha. Ipeleke masjala, si mkononi mwa mtu, na uondoke na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.