Gari la umeme na gari la petroli: anza kwa kuangalia joto

Kama mhandisi wa magari, kila ninapoulizwa lipi bora kati ya gari la umeme na la petroli, huanza na joto. Hapo ndipo yanapoachana.

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Injini huichoma ndani ya silinda, na sehemu kubwa hupotea kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Inayofika kwenye magurudumu ni kama robo tu, na kwenye foleni hupungua zaidi, maana injini inanguruma huku gari limesimama. Tangu Nikolaus Otto aunde injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, wahandisi wameiboresha sana, lakini fizikia hairuhusu joto lote ligeuzwe kuwa mwendo.

Mota ya umeme haichomi kitu. Ikifanya kazi vizuri hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoupokea kuwa mwendo, na ukipunguza kasi hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Ndiyo maana betri ya kilowati-saa 60, ambayo nishati yake haifiki hata lita 7 za petroli, inaweza kulifikisha gari dogo kilomita 300 na zaidi. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mjadala huu.

Petroli nayo haishindwi kirahisi. Hubeba nishati nyingi kwa uzito mdogo, na tangi hujaa kwa dakika chache. Betri niliyoitaja ina uzito wa mamia ya kilo, na tairi huzilipia kwa kuchakaa haraka.

Kwa matengenezo, gari la umeme halina oili ya injini, plagi wala klachi, na pedi za breki hudumu. Maji ya kupozea betri bado yanahitaji kuangaliwa.

Kuhusu hewa ukaa, kutengeneza betri hutoa nyingi, hivyo gari la umeme huanza likiwa nyuma. Hufidia haraka pale umeme unapotokana na maji, jua au upepo; kwa makaa ya mawe huchukua muda mrefu zaidi.

Ukinunua lililotumika, uliza hali ya betri kabla ya kuuliza kilomita. Joto kali na kuachwa likiwa na chaji ya asilimia 100 kwa muda mrefu huichakaza kuliko safari zenyewe.