Je, wajua kwa nini uyoga wa kisikini hautambuliwi kwa rangi ya kofia?

Kwa sababu kofia ni kigeugeu. Uyoga uleule huwa wa kahawia iliyokolea mvua ikinyesha, kisha jua likiwaka hupauka kuanzia katikati. Picha moja ya simu, basi, haitoshi kuutambua.

Rangi isiyobadilika ovyo ni ya spora, chembe ambazo kuvu huzaana kwazo. Ni ndogo mno, hazionekani mpaka zirundikane. Kata shina, laza kofia juu ya kioo, vikunjo vya upande wake wa ndani vikitazama chini, funika kwa bakuli, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta unga. Ukiwa mweupe au wa maziwa, huenda ni Armillaria, kuvu anayeshambulia hata miti iliyo hai na kutambaza kamba nyeusi chini ya magome. Unga wa zambarau iliyochanganyika na kahawia huelekeza kwenye Hypholoma fasciculare, wa manjano, mchungu, wenye kuvuruga tumbo. Wa rangi ya kutu ndio wa kuogopwa: Galerina marginata hutoa unga huo. Pengine huhitaji hata kioo, maana uyoga ukiota kwa vishada, kofia za juu huzinyunyizia za chini unga wao.

Lakini unga nao una mipaka yake. Kuna Kuehneromyces mutabilis, ambao watu huula, na unga wake ni wa kahawia vilevile. Una pete shinani kama Galerina, hukaa kwenye miti iliyooza kama Galerina, na aina zote mbili zaweza kuota kwenye kisiki kimoja. Vitabu husema shina la Kuehneromyces lina magamba chini ya pete, la Galerina lina nyuzi nyeupe. Sawa, ila mvua na umri hufuta alama hizo. Kwa maoni yangu, asiye mtaalamu autazame tu, asiupeleke jikoni.

Galerina ina amatoksini, sumu ileile ya Amanita phalloides, uyoga mwingine unaoua. Kuchemsha hakuiondoi. Dalili huchelewa saa 6 hadi 24, kisha kutapika na kuharisha hutulia kwa muda, mgonjwa akadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Aliyeula asingoje dalili. Aende hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga yapelekwe pamoja naye.