Profondo rosso: diski yako si mbovu

Wengi wanaoitazama Profondo rosso, filamu ya Kiitaliano ya mwongozaji Dario Argento, kwenye Blu-ray hudhani diski ina kasoro: mwigizaji mkuu David Hemmings anaongea Kiingereza, ghafla anaingia Kiitaliano, kisha anarudi Kiingereza. Hakuna kilichoharibika. Toleo la Italia la mwaka 1975 lina dakika zipatazo 126. Lile la soko la nje lilipunguzwa dakika zaidi ya 20, na vipande vilivyokatwa havina sauti ya Kiingereza.

Tafadhali usikimbilie toleo fupi! Vingi vya vipande vilivyokatwa ni utani na mapenzi kati ya Hemmings na mwigizaji mwenzake Daria Nicolodi, na humo ndimo filamu inamopumua. Kwenye kigari cha Nicolodi, kiti cha abiria kimezama hadi Hemmings anaonekana kama mtoto kando yake.