Jibu limo kwenye kifungu: jinsi ya kufasiri dondoo fupi za masomo

Mwanafunzi anayejua mengi anaweza kukosa alama za ufahamu kwa sababu hiyohiyo ya kujua mengi. Wazazi wengi hushangaa kusikia hivyo, hasa pale mtoto msomaji anaporudi na karatasi yenye alama nyekundu. Kwa hiyo tuchukue mfano mmoja wa somo la historia na tuutazame kwa makini.

Ibn Battuta, msafiri aliyezaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304, alifika Kilwa mwaka 1331. Katika simulizi yake, kama inavyosomwa kwenye tafsiri nyingi, anausifu mji huo kwa uzuri na kwa ujenzi wake, kisha anasema majengo yake ni ya mbao. Sasa swali linakuja: "Kwa mujibu wa kifungu, nyumba za Kilwa zilijengwa kwa kitu gani?" Mwanafunzi aliyefundishwa habari za kasri la Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu wa Kilwa ataandika "mawe" bila kusita. Anachokijua ni kweli, maana magofu ya mawe ya matumbawe yapo Kilwa Kisiwani hadi leo. Hata hivyo jibu lake si sahihi, kwa sababu aliulizwa kifungu kinasema nini. Maneno "kwa mujibu wa kifungu" yanamfunga msomaji ndani ya mistari ile, na yafaa apigie mstari maneno hayo kabla hajaanza kuandika.

Swali likibadilika na kuwa "Je, maelezo ya mwandishi yanatosha kutueleza Kilwa ilivyokuwa?", hapo sasa ujuzi wake unahitajika. Sultani aliyempokea Ibn Battuta, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na ujenzi wa kasri la Husuni Kubwa, na Msikiti Mkuu ulikuwa umeshajengwa kwa mawe kabla mgeni hajafika. Mbona basi mbao tu? Mwanafunzi si lazima amwite msafiri yule mwongo. Atazame mazingira ya maandishi yenyewe: mgeni alikaa muda mfupi, na simulizi yake iliandikwa na msomi aitwaye Ibn Juzayy huko Moroko mnamo 1355, zaidi ya miaka 20 baadaye. Kumbukumbu huchakaa. Pia yawezekana watu wengi wa kawaida waliishi katika nyumba za miti, na hizo ndizo zilizomkaa akilini. Mwanafunzi akiandika "yawezekana" na kutoa sababu, amefasiri. Akiandika "ni hakika" bila ushahidi, amebahatisha, na msahihishaji hulitambua hilo mara moja.

Simulizi hiyohiyo ina kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa, siku ya Ijumaa, wakitoka msikitini. Sultani akarudi ndani, akabadili nguo, akampa. Anayeulizwa "Sultani alikuwa mtu wa namna gani?" huandika "mkarimu" akaweka nukta. Neno moja halitoshi. Aseme ni mkarimu, aoneshe tendo lenyewe, kisha aeleze kwa nini tendo hilo ni ushahidi: alitoa alichokuwa amekivaa mwilini, wala hakumwambia mwombaji arudi kesho. Sifa, ushahidi, maelezo. Ningependa kila mtoto aondoke darasani na mambo hayo matatu, hata akisahau tarehe zote.

Kwenye fasihi mtego uko upande mwingine. Hebu soma: "Mama alikunja kanga ya bintiye, akaiweka juu ya kabati, akafunga mlango taratibu." Wanafunzi wengi watasema binti amefariki. Wapi imeandikwa? Huenda ameolewa, huenda amekwenda shule ya bweni. Kifungu kinatupa mambo machache tu: kanga imebaki, imewekwa mahali pa juu ambapo haitavaliwa kesho, na mama hana haraka. Jibu salama na zuri ni kwamba binti hayupo na mama anamkumbuka kwa upendo. Zaidi ya hapo, kifungu kirefu zaidi kitahitajika.

Vifungu vya maarifa ya jumla ni vyepesi zaidi, ila huadhibu wanaosoma kwa pupa. Kifungu kikisema mbu jike wa anofelesi ndiye anayeeneza malaria, na mwanafunzi akaandika "mbu wote hueneza malaria", ameongeza "wote" ambayo haimo na ameacha "jike" na "anofelesi" ambayo yamo.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Tusichanganye katika swali moja kile kifungu kinachosema na kile mwanafunzi anachofikiri, kisha tukamkata alama kwa kuchagua upande mmoja. Tutenganishe: (a) kwa mujibu wa kifungu, (b) kwa maoni yako, ukitoa sababu. Na pale mtoto anapojibu "mawe" kwenye swali la Kilwa, tusiishie kuweka alama ya kosa. Tumwandikie pembeni kwamba hoja yake ni ya kweli, na kwamba mahali pake ni kwenye (b).